Pole ya Misesi Wilson

Josephine alikuwa na wivu, tena si ule wa kujificha. Ulianza siku ile mumewe, Methodius, aliposahau chakula chake cha mchana nyumbani. Josephine akafunga hotipoti kwenye mfuko, akavaa koti zito na kukanyaga theluji ya Toronto kutoka mtaa wao wa Crescent Town hadi kazini kwake, barabara ya Danforth. Methodius alikuwa karani wa kaunta katika duka la spea za majiko na mashine za kufulia. Josephine hakuwahi kumwona akiwa kazini, na heri asingemwona.

Mbele yake alikuwapo mama mmoja wa Kizungu mwenye koti jekundu, amekumbatia mota mbovu iliyofungwa kwa gazeti. Methodius alizunguka kaunta mbio mbio, akampokea mzigo kwa mikono miwili. Akamwuliza hali ya mama yake mgonjwa. Akamwomba radhi kwa kumchelewesha, ingawa hakumchelewesha. Walipomaliza akamfungulia mlango na kumtakia siku njema, na sauti yake ilikuwa laini, ya kumtoa nyoka pangoni. Josephine alisubiri, theluji ikimyeyukia viatuni. Zamu yake ilipofika, Methodius aliutupia mfuko jicho moja.

"Weka hapo," akasema.

Akaweka. Akageuka, akaondoka, na njia nzima roho ilimuuma. Kwao Songea mtu akiingia na mzigo anapokewa, hata kama amebeba kitunguu kimoja, hata kama mmegombana. Na huyu Methodius, wakati anamchumbia kule Morogoro, alikuwa akimpokea mpaka pochi! Sasa kupokea kote kumehamia kwa wenye makoti mekundu, na mke ni weka hapo.

Kama vile hayo hayakutosha, kesho yake akakutana kwenye lifti na Godelive, jirani yao Mrundi wa ghorofa ya juu. Godelive akamshika mkono kwa furaha.

"Mama, bwana yako ana politesse sana," akamwambia. "Kila asubuhi ananisalimia vizuri, anauliza watoto. Wewe una bahati."

Josephine akacheka kwa meno tu. Kila asubuhi! Yeye kila asubuhi alikuwa akiambiwa "soksi ziko wapi."

Kuanzia hapo akaweka mgomo wa kimya kimya. Alipika, alifua, alipiga pasi, lakini neno jema alilifungia. Habari za kazi hakuuliza tena. Jumapili Methodius alipoanza kukohoa, kikohozi kikavu cha kutikisa kitanda, Josephine aligeukia ukutani. Wanaokuona mstaarabu, alisema moyoni, ndio wakuchemshie tangawizi.

Jumatatu alirudi kutoka zamu yake ya asubuhi, kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akiwaogesha na kuwalisha vikongwe, na wivu ukamsukuma kwenye simu. Alitaka tu kujua kama yule wa koti jekundu yupo pale dukani. Lakini aliyepokea ni Methodius mwenyewe, na ile sauti yake ya kaunta. Ikamwita madam. Ikamwuliza imsaidie nini.

Josephine angeweza kukata simu. Badala yake akabana pua, akatoa Kiingereza alichokiokota kwa wazee wake, akajitambulisha kuwa ni Misesi Wilson, na kwamba mkanda wa mashine yake ya kukaushia nguo umekatika. Mashine yenyewe hana. Nguo zao zilifuliwa chini kabisa ya jengo, kwenye zile za kutumbukiza sarafu. Methodius akamsikitikia kama amefiwa. Akamwuliza ni mashine ya aina gani, akamwomba asubiri kidogo, akamshukuru kwa kusubiri, na mwisho akamtakia jioni njema. Josephine alikaa na mkonga wa simu kifuani, mwili mzima una joto.

Kama unajiuliza mwanamume gani huyo asiyetambua sauti ya mkewe, nami nakuuliza: asiyeisikia mezani ataitambuaje kwenye simu?

Jumanne akapiga tena. Jumatano vilevile. Misesi Wilson alibadilisha maradhi ya mashine yake kila siku, na kila siku alihudumiwa kama malkia. Jumatano jioni, wakila ugali, Methodius akafungua kinywa mwenyewe, jambo lisilo la kawaida.

"Kuna mteja mmoja, Misesi Wilson," akasema. "Mama mstaarabu kweli. Ukimsikia anavyoomba kitu, unampa kwa moyo mweupe."

Josephine akarudisha tonge kwenye sahani. Sasa tazama kichekesho cha wivu: aliyesifiwa ni yeye, na bado moyo ulimwaka. Alimwonea wivu mwanamke asiyekuwapo duniani. Alimwonea wivu kwa sababu amependwa zaidi kwa siku tatu kuliko yeye kwa miaka yote waliyokaa Toronto. Akainuka na sahani yake kabla hajashiba. Nyuma yake Methodius alikohoa mpaka akashika meza, naye hakugeuka.

Alhamisi alipiga akiwa amekasirika. Alikusudia Misesi Wilson awe mkorofi, alalamike, atukane ikibidi, ili afukuzwe kwenye moyo wa yule karani. Methodius akaitikia kwa ile adabu yake, akaanza kueleza bei ya pampu, na katikati ya sentensi kikohozi kikamshika. Kilikuwa kirefu, cha kukata pumzi.

"Pole," akasema Josephine.

Lilimtoka kwa Kiswahili, kwa sauti yake mwenyewe, ile ya nyumbani kwa mama yake. Mtu wa kwetu akisikia mwenzake amekabwa na kikohozi, pole haiombi ruhusa. Upande wa pili ikasikika redio ya dukani peke yake. Kisha Methodius akasema polepole, kwa Kiingereza kilekile, asante sana madam, kuna lingine? Josephine akakata simu.

Jioni hiyo alipika wali na samaki wa nazi. Alijua ugomvi unakuja, na aliuogopa kweli, maana sasa Methodius angemwona mwendawazimu, na mwanamume aliyemnyima maneno angemnyima hata macho. Methodius akaingia, akavua mabuti, akakaa bila kuwasha televisheni.

"Nakohoa tangu Jumapili," akasema. "Kitandani nakohoa, mezani nakohoa. Hukuniambia neno. Nikadhani ndivyo ulivyobadilika, nchi imekubadilisha. Kumbe pole unazo. Unazipeleka dukani. Leo nimesimama pale nikamwonea wivu yule karani."

Josephine alisimama mlangoni mwa jiko, kashika sufuria ya mchuzi kwa vitambaa. Alikuwa amejiandalia majibu mengi, yote makali. Lililotoka likawa dogo.

"Na mimi namwonea wivu Misesi Wilson," akasema. "Yeye hajawahi kuambiwa weka hapo."

Methodius akamtazama. Ilimchukua muda kukumbuka, na Josephine aliiona siku ile ya hotipoti ikimrudia usoni, mpaka akainamisha kichwa. Alitaka kusema kitu, kikohozi kikamtangulia.

"Pole," akasema Josephine.

"Nimeshapoa." Hakuwa amepoa hata kidogo. Akainuka, akaja mpaka mlangoni mwa jiko, akanyoosha mikono yote miwili. "Nikupokee."

Sufuria ilikuwa nzito, na moto ulishapenya kwenye vitambaa hadi vidoleni. Josephine hakuiachia.

"Sema tena," akamwambia.

Akasema tena, na hapo ndipo akampa.