Aliyenguruma Chumbani kwa Nelima

Sellah alikuwa na kuku kwapani na mfuko wa unga kichwani alipoisikia ile sauti, na vyote viwili vikamponyoka.

Alikuwa ametoka Kanduyi asubuhi kumtembelea binti yake Nelima, aliyekuwa akisoma chuoni mjini Kitale. Hakumwambia kwamba anakuja. Mzazi anayepiga simu kwanza hukuta nyumba imefagiwa, na yeye alitaka kuikuta ilivyo. Basi akaikuta. Nyuma ya mlango wa chumba cha kupanga, mchana kweupe, kulikuwa na kitu kinanguruma. Hakikuwa mgonjwa wala redio mbovu. Ilikuwa sauti nzito ya kukwaruza, kama koo limejaa changarawe, na ilikuwa inatamka maneno.

Aliogopa, tena kwa sababu yake mwenyewe. Nelima alipokuwa mchanga alilia bila kukoma, na wazee wa upande wa mumewe wakafanya kama Wabukusu wafanyavyo: wakaketi karibu na mtoto wakawa wanayaita majina ya waliokufa, moja moja, wasikie atanyamazia lipi. Alinyamazia la Nasipwondi, nyanya yake mzaa baba. Lakini siku hizo Sellah ndiyo kwanza alikuwa ameokoka, na wokovu mpya una kiburi chake. Akasema mwanawe hatabeba jina la mwanamke aliyekufa akimlaani yeye, mkaza mwanawe. Akamwita Nelima, kwa kuwa alizaliwa msimu wa kulima. Wazee wakaguna, wakasema wafu hawana haraka, wakaenda zao.

Sasa, mbele ya mlango ule, Mkristo mzima alijikuta akinong'ona majina. Alimtaja Wekoye, sauti ikaendelea. Alimtaja Khisa, ikazidi. Alipomtaja Nasipwondi, ikakatika papo hapo.

Wimbo ulikuwa umeisha, hakuna zaidi. Mlango ukafunguliwa, akatokea Nelima akivuja jasho, kavaa fulana nyeusi yenye fuvu kifuani. Nyuma yake walikuwepo vijana wawili, mmoja na gitaa, na mwingine, Kipkemei, akiwa amekalia kiti mbele ya ndoo zilizogeuzwa kuwa ngoma. Nelima alimkumbatia mamake akicheka na kumweleza kila kitu. Huu ni muziki wa roki, ile nzito wanayoiita metali. Kitale ina vijana wengi wanaoupenda, nao wameunda bendi. Yeye ndiye mwimbaji. Kipkemei, kijana wa Mlima Elgon mwenye adabu zake, alimwekea mgeni kiti na kusema kwamba babake alipofariki hakuweza kulia kwa miezi, hadi alipousikia muziki huo. Sellah aliitikia kwa kichwa na kunywa chai yao. Hakuna alichosikia. Alikuwa akilitazama lile fuvu.

Alimdanganya binti yake kwamba shangazi yake wa Naitiri ni mgonjwa, na wikendi hiyo wakaenda pamoja. Hapakuwa na shangazi. Palikuwa na boma la maombi la Nabii Wanjala, lenye ua wa mabati na lango la chuma, na mlinzi wake, Rotich, akalifunga nyuma yao. Nelima alimgeukia mamake. Hakupiga kelele. Alimwangalia tu, na Sellah akainamisha macho.

Nabii hakuwa mtu wa ukali. Aliongea taratibu na kumshika kila mtu mkono. Lakini sheria yake ilikuwa moja: pepo sharti litaje jina lake lenyewe, na mpaka litaje, aliyepagawa hali wala hanywi, kwa maana maji ndiyo nguvu ya pepo. Sellah, kwa kinywa chake mwenyewe, alimpa jina la kungojea. Alimsimulia habari ya mlango, na wazee, na deni la jina. Nabii akafumba macho akasema amepata kuwaona wengi walioingiliwa kupitia muziki wa aina hiyo.

Kila walipomuuliza, Nelima alijibu kwamba yeye ni Nelima na hakuna mwingine. Mwanzoni Sellah alikasirika. Mtoto huyu, alijiambia, ana kichwa kigumu kama cha babake. Aliomba kwa bidii na kufunga pamoja naye mpaka wakamwambia yeye anywe, kwani hana pepo. Alikunywa, na hapo ndipo alipoanza kuona. Nelima alikuwa haendi tena msalani. Jua lilikuwa linachoma turubai juu yao na ngozi ya mtoto ilikuwa kavu. Alilia bila machozi.

Hofu ya Sellah ikahama. Ilimtoka Nasipwondi na kuingia kwenye midomo ya mwanawe iliyopasuka.

Alimwendea nabii akamwomba hata kijiko kimoja. Nabii akamjibu kwa upole kwamba mwili hulegea pepo linapokaribia kutoka, avumilie. Sellah akaenda langoni. Rotich alimwita mama na kumwonea huruma kweli, lakini hakufungua.

"Nikikuachilia na hiyo kitu, mama, itaingia kwa watu wa soko," alisema. "Hata mimi niko na watoto huko."

Hilo ndilo lililomtetemesha. Angekuwa mtu mbaya, labda angehongeka. Huyu aliamini, kama yeye Sellah alivyoamini alipokuwa akiingia.

Alirudi mkekani na kukiweka kichwa cha Nelima mapajani. Waumini walikuwa wanaanza kukusanyika kwa ibada ya adhuhuri.

"Sema tu ni nyanya yako," alimnong'oneza. "Ukitumia ile sauti watafungua."

"Haitoki, mum. Koo imekauka." Nelima akavuta pumzi. "Na siyo nyanya. Ni mimi."

"Najua, mayi, mwanangu. Nilikosa. Niambie inatokaje."

Nelima akauchukua mkono wa mamake, akauweka tumboni chini ya mbavu, akamwonyesha: pumzi isukumwe kutoka hapa, koo liachwe lilegee, usilikaze. Alijaribu kumtolea mfano, kikatoka kikohozi kidogo tu. Mkono wake ukaanguka.

Ngoma zikapigwa. Nabii akaja, akamshika Nelima utosini, akauliza yeye ni nani. Macho ya Nelima yaligeuka yakabaki meupe. Nabii akasema wangoje mpaka kesho.

Kesho Nelima hangekuwepo. Sellah aliinuka. Alijaza tumbo pumzi na kuiachilia. Kwanza ilikuwa aibu tupu, kikohozi cha mwanamke aliyezoea kuimba sauti ya kwanza katika kwaya ya akina mama. Akajaribu tena, bila kukaza koo, na ngurumo ikatoka.

"Mimi ni Nasipwondi. Msichana nimemwacha. Nimehamia kwa mama yake."

Ngoma zikanyamaza. Watu wakakanyagana wakirudi nyuma, na nabii naye alirudi nyuma, Sellah akamwona. Akanguruma tena, safari hii bila maneno, na kwa muda huo hakuogopa mtu yeyote, aliye hai wala aliyekufa. Alielewa kwa nini watoto wale walijifungia mchana na ndoo zao.

Wakatangaza kwamba Nelima amewekwa huru. Akina mama wakamnywesha kwa kijiko, na Rotich mwenyewe akambeba mpaka kwenye pikipiki ya kumpeleka zahanati. Sellah alimwona binti yake akijaribu kugeuza kichwa amtafute. Lango likafungwa.

Ndipo hofu ikarudi yote, na mikono ya watu ikamkalisha kwenye mkeka uleule. Alisema kwa sauti yake ya kawaida kwamba pepo limekwisha kumtoka. Nabii akawaeleza waumini kwamba pepo linalohama ni pepo la uongo, na lisemalo halisikilizwi tena. Litaachwa tu likauke.

Jua lilikuwa bado utosini. Sellah aliomba maji.

"Mimi ni Sellah, Mtumishi," alisema. "Sellah wa Kanduyi. Unanijua."

Nabii alimtazama kwa huruma, akawaambia akina mama wauondoe mtungi karibu naye.