Tangi la Pijo ya Tata

Tulilishika kila mtu upande wake, mimi na dada yangu Kemuma, tukalitikisa kama watu wanaopepeta mahindi, na mawe yaliyokuwa ndani yakapiga kelele mpaka kuku wakahama ua. Lilikuwa tangi la Pijo 404 ya baba yetu, pikapu iliyolala nyuma ya nyumba yetu ya Ekerenyo kwa miaka ishirini na minne. Petroli iliyobaki humo ilikuwa imegeuka ulimbo mweusi wenye harufu ya rangi iliyooza. Tulikuwa tumeliacha wazi juani wiki nzima ili mvuke utoke, na sasa tulikuwa tukilisuuza kwa maji ya moto.

Nilikuwa na sababu. Jumapili ile wazee wetu walikuwa waende Nyacheki, kwa kina Jacinta, mchumba wangu, kuzungumzia ng'ombe wa mahari, na msafara wa namna hiyo ukikosa ndugu wa baba huonekana una kilema. Baba yangu alikuwa na ndugu mmoja tu, Anyona, fundi wa magari pale Masimba. Mtu huyo nilimpenda tangu utotoni, nilipokuwa namshikia spana naye ananisimulia uongo wake wa safari. Lakini mwaka 1999 Pijo ilizima siku moja tu baada ya Anyona kuifanyia matengenezo, na Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kigusii, akaamua kwamba mdogo wake ameiua kwa wivu. Alimfukuza mbele yetu sote. Wala hakuruhusu fundi mwingine aliguse gari lile. Hasira yake ilihitaji ushahidi, na ushahidi ukakaa pale ukiota magugu.

Nilipomwomba Tata kwamba Anyona awe kwenye msafara, alinijibu, "Siku gari hilo litakapowaka, ndipo nitamwita."

Alisema hivyo kunikomoa. Mimi nikalichukua neno lake nikaenda kulifungua tangi.

Sasa, mimi nauza dawa mjini Kisii. Kwa habari za magari, najua kujaza mafuta basi. Nilikuwa nimesikia kwamba mafundi hutia kokoto ndani ya tangi ili zikwangue kutu. Nyumbani palikuwa na gunia la vipande vya mawe ya sabuni, mabaki niliyopewa na mchongaji wa Tabaka ili nitandaze mlangoni matope yasiingie ndani. Jiwe ni jiwe, nikajiambia. Mgusii mzima, niliyekua nikiona jiwe hilo likichongwa kwa kisu kama kiazi, nikalituma likapigane na chuma! Tulipomwaga, yalitoka maji mazito meupe mfano wa uji, na nyuma yake mabonge ya rangi ya kahawia yaliyoshikamana na ulimbo yakaanguka kwenye nyasi. Kemuma alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitaka kulia, maana zilikuwa zimebaki siku tano.

Asubuhi yake nilikuta mabonge yale yamefunikwa na sisimizi.

Nilichuchumaa nikayatazama, nisielewe kitu. Sisimizi hawali jiwe. Hawali kutu, na petroli huikimbia. Walikuwa wengi, wamejipanga kutoka ukutani, kila mmoja na punje yake mdomoni. Nilikuwa bado nimechuchumaa hivyo mama yangu, Bochaberi, alipotokea jikoni na birika la maji yanayochemka, akawamwagia wote kwa haraka, kama mtu anayezima moto. Kisha akaniona namtazama.

"Ni sukari," akasema. "Niliitia mimi. Kilo mbili, usiku ule Anyona alipomaliza kuitengeneza akaondoka."

Akaendelea, sauti ikiwa chini, macho yake kwenye mlango wa Tata.

"Wewe ulikuwa mdogo. Alikuwa anawapeleka shule amelewa. Wiki ile alikosa kona, Kemuma akarushwa kutoka nyuma akaangukia kwenye michai. Nilimwomba. Nilimleta mchungaji. Ningefanya nini, Job?"

"Na baba mdogo ukaacha afukuzwe?"

"Anyona alijua. Ilipozima naye akaitwa kuiangalia, alifungua tangi, akaingiza kidole, akaonja. Akanitazama. Kisha akafunga kifuniko." Akafuta macho kwa kanga. "Mwanzo niliogopa. Baadaye niliona haya. Baadaye miaka ikawa mingi mno."

Alirudi jikoni akaniacha nimesimama. Nilimkasirikia, nikamhurumia, kisha nikakumbuka kwamba huenda niko hai kwa sababu yake, na hasira ikakosa pa kukaa. Nikimtetea Anyona, namuuza mama. Nikinyamaza, Anyona abaki mhalifu, nami niende kuoa bila yeye. Na hata ningetaka kusema, ningesemaje? Kwetu kuna heshima tunayoiita chinsoni; mtoto hasimami mbele ya baba yake akamtajia ulevi wake, hasa baba aliyekwisha kuacha pombe na sasa ni mzee wa kanisa la Sabato.

Tata alitoka saa tatu, fimbo mkononi, akaja moja kwa moja kwenye tangi.

"Umeona nini humo?"

Kemuma, aliyekuwa akifagia ua, alinitazama. Jikoni, sufuria ziliacha kulia.

"Kutu, Tata," nikasema. "Kutu tupu. Imekula tangi kwa ndani, ikaziba mrija. Hakuna mtu aliyeiharibu Pijo."

Mpaka leo, na sasa nina watoto wawili, sijui ule uongo ulitoka wapi ukiwa umekamilika namna ile. Tata aliinama, akachungulia tunduni, akakaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona giza. Aliponyanyuka nilimwona amezeeka.

"Kutu," akasema. Akalirudia neno hilo mara mbili. Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa koti lake la kanisani, na siku yenyewe ilikuwa Jumatano.

"Nipeleke Masimba."

Niliendesha gari langu roho ikiwa mkononi. Sikuwa nimempigia Anyona simu. Vipi kama angekasirika? Vipi kama mtu aliyebeba dhambi ya mwenzake miaka ishirini na minne, akimwona aliyemtwika amesimama mlangoni, angeamua kuitua pale pale?

Tulimkuta chini ya lori. Alijivuta nje, akasimama, mikono myeusi kwa grisi, akamtazama kaka yake bila kumsalimu.

"Anyona," Tata akasema, "vijana wamefungua lile tangi. Ilikuwa kutu."

Anyona aligeuka akanitazama mimi. Nadhani nilitikisa kichwa kumsihi asiseme, sina hakika. Akachukua kitambaa akajifuta vidole kimoja baada ya kingine.

"Kutu hula polepole, kaka," akasema. "Hata mimi singeiona."

Tata akavua kofia.

"Nasikia Jumapili mnaenda Nyacheki. Saa ngapi?" Anyona akauliza.

"Saa mbili," Tata akasema. "Na wewe ndiye utakayezungumza."