Mayowe ya Kuazima

Alhamisi hiyo Godelieve Lambrecht na mdogo wake Roza walikuwa jikoni kwao Ostende, pwani ya Ubelgiji, wakimenya uduvi juu ya gazeti. Televisheni ilikuwa inaonyesha ile filamu ya enzi za uigizaji wa Godelieve, ambamo anauawa ndani ya beseni la kuogea. Roza aliipenda kwa ajili ya mapazia yake. Glavu nyeusi zilipomkaba dada yake, yowe lililozoeleka halikutoka. Ilitoka sauti nyororo ya msichana, kwa Kiflemi, lugha ya kwao: "Ruggero, acha. Ruggero, siigizi, naumia."

Roza akaacha kumenya. "Hiyo sauti yako."

"Yangu," akajibu Godelieve kwa sauti yake ya siku hizi, inayokwaruza kama bawaba iliyokosa mafuta.

Sababu waliijua jioni, simu ilipopigwa kutoka Roma. Enzi zile filamu za Italia zilipigwa bila kurekodi sauti. Mbele ya kamera kila mtu alisema lugha ya mama yake, na wengine walihesabu tu moja, mbili, tatu. Maneno yaliingizwa baadaye studioni na watu wengine. Godelieve alinyongwa, akachomwa visu na kuzikwa hai katika filamu chungu nzima, na mayowe yote aliyapiga Ines Baldacci, mke wa mwoka mikate, ambaye hawakuwahi hata kusalimiana. Ines alikuwa amefariki Jumatatu, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha vitu vyake ovyo, aliondoka na sauti yake yote. Hakubakiza hata kikohozi. Katika filamu nyingine midomo ya Godelieve ilichezacheza kimya kama ya samaki. Pale kwenye beseni tu ndipo palikuwa na kitu chini ya yowe: sauti yake mwenyewe ya siku ile, ambayo hakuna aliyejua ilinaswa vipi.

Mikono iliyovaa zile glavu ilikuwa ya mwongozaji mwenyewe, Ruggero Tassinari. Ilikuwa desturi yao waongozaji wa filamu za mauaji kuvaa glavu wenyewe, kwa madai kwamba mtu wa kukodi huua kwa papara. Tassinari hakuwa na papara. Alikaba mpaka kitu kikalia tik kooni mwa msichana, akaendelea kukaba, kisha akawaambia watu wakale. Magazeti yaliyasifu macho ya Godelieve. Kwa miaka hamsini alieleza kisa hicho kwa waandishi, kwa wakili na kwa mdogo wake, na jibu la Roza lilikuwa moja: kipenda roho hula nyama mbichi.

Sasa Roza alifuta mikono kwenye aproni. Uso ulikuwa umemshuka kwa aibu. "Kumbe ulikuwa unasema kweli, dada. Nisamehe."

Godelieve alilia kidogo, kisha akala vizuri, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Alitaka kitu kimoja tu kabla ya kufa: Tassinari aisikie sauti ile mbele za watu, na akiri. Na mwezi huo Tassinari alikuwa anatuzwa kwenye tamasha la filamu la Brussels.

Wakaenda kwa treni. Mzee alikuwa na miaka tisini, kwenye kiti cha magurudumu, shingoni skafu ya hariri. Ukumbi ulijaa. Kipande cha beseni kikafika, msichana akaomba. Taa zilipowaka, Bavo, mkuu wa tamasha, akampelekea Tassinari kipaza sauti.

"Mimi Kiflemi sikijui," akasema mzee. "Nilidhani anasali."

Watu wakacheka. Godelieve akanyoosha mkono akakichukua kipaza sauti. "Na jina lako, Ruggero, nalo ni Kiflemi?"

"Hatusikii huko nyuma!" akaita mtu. "Hebu ongea, bibi, usinong'one!"

Akarudia. Ilitoka mikwaruzo tu. Tassinari akamshika mkono, akaubusu. "Mnamwona? Mpaka leo hajatoka kwenye beseni. Waigizaji kama huyu hawazaliwi tena."

Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Roza naye akasimama, machozi yakimtoka. "Wanakupenda, dada," akasema. "Angalia wanavyokupenda."

Tassinari alikufa majira ya baridi, akazikwa kwa heshima zote. Filamu ikazunguka miji mingi ikitangazwa kuwa sasa ina sauti halisi, na mwaka uliofuata Bavo akawaalika tena akina dada hao, viti vya katikati.

Watazamaji walikuja na glavu nyeusi. Waliojua Kifaransa tu walikuwa wamekariri Kiflemi. Beseni lilipofika, mamia ya watu wakainua mikono na kuimba kwa pamoja: "Ruggero, acha. Ruggero, siigizi, naumia." Ukumbi ulitikisika, na sauti ya yule msichana haikusikika hata kidogo. Godelieve akajaribu kuyasema maneno yale pamoja nao.

Mwanamke wa kiti cha mbele akageuka, akamgusa goti kwa upole. "Bibi, unachelewa. Ile 'naumia' inaingia pale macho yanapopinduka."

Kwa desturi ya watazamaji hao kipande hicho huonyeshwa mara mbili. Roza akamsogelea dada yake, akainua kidole apate kumwonyesha wakati wa kuingia.

"Sasa," akasema Roza, na safari hii Godelieve akapatia.