Msamaha Aliopewa Mungu

Watiri alimsamehe Mungu akiwa shambani anapalilia viazi, mwaka mmoja baada ya Uhuru. Usicheke. Huko Wamagana watu hawagombani nusu nusu, na yeye alikuwa amegombana na Mungu tangu siku ile ya Emajensi, hali ya hatari ya wakoloni, mumewe Ngatia alipopakiwa kwenye lori la askari asirudi tena. Miaka hiyo yote hakuomba. Akilima alimsuta Mungu, akikata kuni alimsuta, na alipotaka kumkomesha kabisa alimnunia asimwambie lolote. Halafu siku hiyo ya viazi alichoka. Akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti, "Basi, yaishe. Ulimchukua, nimekusamehe." Akaendelea kupalilia.

Aliyemwambia kwamba mchukuaji ni Mungu alikuwa Simeon Gicheru. Simeon alikuwa jirani yao na rafiki wa Ngatia, mtu wa dini tangu ujana, na ndiye aliyefika kwanza nyumbani baada ya lori kuondoka. Alikuja na debe la mahindi begani. Alikaa na Watiri, akamshika mkono, akamwambia kwamba jambo lile halikutoka kwa binadamu. Mungu ndiye aliyemtaka Ngatia, na Mungu haulizwi. Mjane mwenye mtoto mchanga, Wachuka, mgongoni atabishana na nani? Aliamini. Hata ule ugomvi wake ulikuwa namna ya kuamini, maana mtu hagombani na asiyekuwepo.

Kwa hiyo alipopatana na Mungu, wa kwanza kupashwa habari alikuwa Simeon. Simeon alilia, mwanamume mzima, ameshikilia nguzo ya ghala. Watiri alidhani ni furaha.

Basi Simeon akampeleka kwa waliookoka. Hawa walikutana kila Jumamosi alasiri katika kanisa la mabati juu ya mto, na desturi yao ilikuwa kuweka mambo nuruni. Ulisimama mbele ya wote ukataja dhambi yako waziwazi, na kama uliyemkosea yupo, ulimtaja naye. Watu wakishasikia waliimba pambio wakakukumbatia. Kisha mkosaji na mkosewa walikunywa chai kutoka kikombe kimoja, na jambo hilo halikutajwa tena. Si desturi mbaya. Iliponya ugomvi wa mipaka na wa umbea kuliko baraza la chifu. Ila watu ni watu, na dhambi zilipangwa pale kama nyanya siku ya soko Kagio, zile nzuri zikiwekwa juu. Simeon mwenyewe alikuwa ameshaungama miwa aliyoiba utotoni, hasira, na tumbaku. Watiri, aliyekuwa mpishi wa chai wa kikundi, alikuwa ameungama kwamba alimchukia Mungu. Siku hiyo waliimba hadi mabati yakatetemeka.

Sasa sikiliza siku yenyewe. Simeon alikuwa karibu kuwekewa mikono awe mzee wa kanisa. Mchana wa Jumamosi hiyo Watiri alikuwa akipandisha maji ya chai kutoka mtoni, na rafiki yake Ngendo akamtua mzigo mgongoni akaubeba mwenyewe. Mama mwingine akamwashia moto. Mchungaji Moffat akaja hadi jikoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamuuliza juu ya goti lake. Watiri aliona wanamjali sana leo. Alifikiri labda ana sura ya mgonjwa.

Simeon alisimama baada ya maombi. Alikuwa amevaa koti lake la Jumapili.

"Ndugu zangu, hiyo siku watu walipangwa kwa kiwanja, gunia ilikuwa yangu," alisema. "Mimi ndio nilikuwa ndani. Ngatia alipofika, niliitikia na kichwa. Shetani alinitumia. Lakini Yesu amenisafisha, na leo niko na amani."

Kwa aliyezaliwa juzi, gunia ni hili. Wakati wa Emajensi askari waliwatoa watu majumbani, wakawapanga mstari, wakawapitisha mmoja mmoja mbele ya mtu aliyefunikwa gunia tangu kichwani hadi miguuni, lenye matundu mawili ya macho. Hakuna aliyejua ni nani. Akiinamisha kichwa mbele yako, ulihesabiwa kuwa mtu wa msituni, ukafungwa mikono ukapelekwa lorini. Watiri alikuwa upande wa wanawake siku ile. Aliona mgongo wa mumewe tu, na lile gunia likiitikia.

Hapo kikundi kikafanya kosa ambalo ni watu wema tu wanaoweza kulifanya. Kikaimba pambio. Walimzunguka Simeon wakamkumbatia kwa zamu, wengine wakilia, na Watiri alikuwa amesimama mlangoni na upawa wa chai mkononi. Ndipo alipoona kitu kilichomkata maini. Hakuna aliyeshtuka. Watu husikia jambo kama hilo wakashika vinywa, lakini hawa walianza kuimba pamoja, kwa sauti moja, kama waliojua wimbo unaanzia wapi. Akamtafuta Ngendo kwa macho. Ngendo alikuwa anatazama sakafu.

Kumbe walikuwa wanajua. Simeon alikuwa ameungama kwanza kwa mchungaji na wazee, na wao wakaandaa mioyo ya wengine, na moyo ambao haukuandaliwa ulikuwa mmoja tu. Ndiyo sababu maji yalibebwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema nguo nzima inaweza kuwa ya kunguni.

Mchungaji Moffat alikuja na kikombe. Hakuwa mtu mbaya, na hilo nalisema mapema kwa sababu baadaye utataka kumchukia. Alimwambia Watiri kwamba mbinguni wanafurahi. Mungu amemsamehe Simeon, sasa ni zamu yake, na asiyesamehe hujifungia mlango mwenyewe.

Watiri alihisi kitu kikihama. Muda mfupi uliopita mwenye dhambi alikuwa Simeon. Sasa Simeon alikuwa amekaa, anafutwa machozi na leso ya mtu mwingine, na dhambi yote ya jengo lile ilikuwa imekuja kwake kama kuku aliyefukuzwa kwa jirani. Wale waliokuwa wakiimba walianza kumwombea yeye, kwa sauti ya chini, moyo wake ulainike. Alimwuliza mchungaji, kwa upole kabisa, Mungu alipata wapi ruhusa ya kusamehe kabla ya kumwuliza mwenye msiba. Moffat akasema hayo ni mambo ya kina. Mungu huruhusu ubaya ili atoe wema ndani yake. "Angalia wewe mwenyewe, dada Watiri. Kama si hayo, pengine hungeokoka."

Alisema kwa moyo safi, na hapo ndipo palipouma zaidi. Kwa hiyo Ngatia alitolewa ili mkewe apate kuokoka, na hakuna aliyemwuliza mke kama anautaka wokovu wa namna hiyo.

Watiri akampita mchungaji, akaenda hadi aliposimama mbele ya Simeon. Hakumwita ndugu.

"Simeon. Ulikuja kwangu na mahindi ukaniambia ati ni Mungu. Leo unasema ni Shetani. Wewe ulikuwa wapi?"

Pambio lilikuwa limeisha. Mtu mmoja nyuma akaanzisha sala, akaona hafuatwi, akaiacha.

"Nilikuwa hapo," Simeon akasema mwishowe.

"Sema vile ulikuwa."

Ngatia, nilipaswa kukwambia mapema, alikuwa fundi wa akala, vile viatu vya kukatwa kwenye matairi makuukuu. Nyeri mjini walimjua. Kila akala aliyoitengeneza aliipigilia msumari mmoja wa shaba juu ya kidole gumba, ili ajulikane ni yeye.

"Gunia haikufika chini," Simeon akasema. "Ilifika hapa kwa kifundo. Ngatia aliangalia miguu yangu, akaona viatu yake. Halafu akainua macho akaniangalia kwa tundu. Alinijua, Mama Wachuka. Niliogopa atasema jina yangu mbele ya watu. Ndio nikaitikia, wamtoe haraka."

"Akasema?"

"Hakusema kitu. Walimfunga mikono, wakamvuta, na hakusema."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa siri ya Mungu isiyoulizwa. Jozi ya akala na mwoga mmoja. Watiri alitafuta mahali pa kukaa, hakupata, akabaki amesimama. Alimwona Ngatia akiinua macho kutoka kwenye kazi ya mikono yake mwenyewe, akimtambua rafiki yake, akimeza jina lake. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kulia, mumewe alikuwa ameuawa na mtu. Uchungu ulikuwa mpya kabisa, kama maiti imeletwa nyumbani leo.

"Ningekufa mwaka jana," alisema, "ningekufa nikijua ni Mungu."

Simeon alilia vilevile alivyolia kwenye nguzo ya ghala, na sasa Watiri aliyaelewa machozi yale. Mchungaji akamwekea kikombe mkononi. Kilikuwa cha moto, kimejaa, chai aliyoipika mwenyewe. Watu wote walikuwa wanatazama midomo yake. Kama angekunywa funda moja tu angerudi nyumbani akiwa bado na dada, na ndugu, na mahali pa kwenda Jumamosi. Asipokunywa, atakuwa yule mama mwenye moyo mgumu, hadi azikwe. Alijua hivyo vizuri kabisa.

Alimpa Simeon kikombe chote.

"Kunywa," akamwambia. "Mimi siko na msamaha ya kukupa. Ile nilikuwa nayo nilimpa mwingine, na haikuwa makosa yake."

Akaweka upawa juu ya benchi akatoka. Ngendo alimfuata hadi mlangoni akimwita jina lake, kisha akarudi ndani.

Nyumbani hakuingia. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye viazi, palepale alipokuwa amenyoosha mgongo siku ile. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu. Alitaka kuomba radhi, maana alikuwa amemsingizia Mungu kwa miaka, na kumsingizia hata jirani ni vibaya.

"Nilisema ni wewe," alianza. "Nilikutukana bure."

Hapo lilimjia jingine. Aliyesingiziwa hujitetea. Huyu alikuwa anajua ni nani yumo ndani ya gunia. Alimwona Simeon akimshika mkono na kumfariji. Alisimama naye hapa kwenye viazi, akasikia anasamehewa kosa la mtu mwingine, akaupokea msamaha ule bila kusema neno. Mjane alikuwa amempa kitu cha mwisho alichokuwa nacho, na yeye akakichukua.

Watiri hakupiga kelele. Aliuliza tu, kama mtu anavyomwuliza wa nyumbani mwake.

"Ngatia pia alijua, na alinyamaza. Lakini Ngatia walikuwa wamemfunga mikono. Wewe, nani alikufunga?"

Akasimama pale kati ya matuta, akingoja ajibiwe.