Mkono wa Kushoto wa Kaka Mhina

Jana alasiri, nikiwa nimekaa mkekani na kichwa nimekilaza ukingoni mwa kitanda cha kaka yangu Mhina, niliota chupa ya uji inaniamsha.

"Inuka, mama Shani," ilisema. "Saa ya kuona wagonjwa imefika."

Nikainuka. Ukuta wa chumba ulikuwa umegeuka geti la hospitali, ile alikolazwa kaka kwa wiki tatu alipopigwa na kiharusi, kabla ya kurudishwa nyumbani. Mlinzi alikuwa mkanda wa kupimia wa fundi cherehani, umevaa kofia.

"Wanaingia ndugu wa karibu tu," ukasema. "Unaishi wapi?"

"Singida."

Mkanda ukajinyoosha kuelekea Singida, ukaishia kwenye duka la ng'ambo ya barabara. "Sijaiona hata Singida yenyewe. Wewe ni ndugu wa mbali."

"Lakini huyu kanibeba mgongoni! Mama akiwa shambani, yeye ndiye aliyenisuka nywele."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Sita."

"Basi rudi ukiwa na miaka sita." Ukafikiri kidogo. "Ila watoto hawaruhusiwi."

Chozi likanidondoka. Mkanda ukalipima, ukasema ni la kawaida.

"Pitia darasani," chupa ya uji ikaninong'oneza.

Mara nipo Singida, kwenye darasa la jioni ninakosomea kidato cha nne. Mwalimu hayupo. Kwenye dawati langu umekaa mkono wa kushoto wa kaka, peke yake, umevaa saa yake ya mkanda wa ngozi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Zima simu, tuko darasani."

"Siku ile ya kiharusi niliizima, nikiwa darasani. Ukapiga mara tatu."

"Sikupiga mimi. Alipiga wa kulia. Mimi nilikuwa nimeshaanguka."

"Alitaka kuniaga?"

"Kukuaga nini, wewe! Alitaka kuuliza kama Shani ameota jino."

"Ameota. La chini."

"Nitamwambia. Atafurahi."

"Na wewe utarudi lini? Wifi anakukanda asubuhi na jioni, hata kidole hukichezeshi."

Mkono ukainama. "Nimesahau njia. Ya kifungo cha shati nimesahau, ya kijiko nimesahau. Wameniambia nifanye mtihani wa kitu chochote ninachokikumbuka. Hebu geuka."

Nageuka. Vidole vinaingia kwenye nywele zangu, vinakosea, vinafumua, vinaanza upya. Kaka ni mashoto. Misuko yake yote ilikuwa inakimbilia sikio la kushoto, na shuleni walinicheka mpaka nikamkataza kunisuka.

"Usitingishike, we mtoto."

"Unaniumiza."

"Ndiyo najifunza hivyo. Tulia."

Nimetulia. Natamani nisimalizwe kusukwa mpaka nizeeke. Kengele inalia.

"Jamani," mkono unasema taratibu, "bado sijamaliza."

Nikaamka. Kaka alikuwa amelala, mdomo umeenda upande, anakoroma kidogo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya mto, karibu na kichwa changu, kiganja kikiangalia juu, kama wifi Zubeda alivyouacha saa saba. Niliutazama muda mrefu. Haukucheza.

Wifi akaingia kutoka uani, Shani yuko mgongoni kwake.

"Ee wifi! Na huo msuko gani, umepinda hivyo? Si ulifumua zote ulipooga?"

Nikapeleka vidole nyuma ya kichwa. Msuko ulikuwa mmoja, mfupi, umelegea, mapindo manne tu. Ulikuwa unaelekea sikio la kushoto.

"Nani kakusuka? Humu ndani si mko wawili tu?"

Nilikaa tena mkekani, nikakirudisha kichwa pale pale kilipokuwa, nikatulia. Upande wa pili ulikuwa bado kusukwa.