Bando la Marehemu Mwanvita

Siku ya Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, Hidaya alikuwa nyuma ya zahanati akianika glovu kwenye kamba. Glovu za hospitali hutengenezwa zivaliwe mara moja zitupwe. Hizi zilikuwa zimeshavaliwa mara tatu, na kila jozi ilikuwa na kibanio chake, kama nguo za watu wenye adabu. Alipofika jozi ya tano, Mwanvita alitokea kwenye kona ya choo, amevaa sanda na kanga juu ya sanda, akasema amefuata simu yake.

Mwanvita alikuwa amekufa siku arobaini na tatu zilizopita, upande wa pili wa ukuta huohuo, kwa kutokwa damu baada ya kujifungua.

"Hata shikamoo hakuna?" akauliza.

"Nikuamkie wewe? Nimekuzidi miaka kumi na miwili."

"Hiyo ilikuwa zamani. Sasa nimekutangulia."

Hidaya aliitafakari hoja hiyo, akaona haina pa kuvunjia. "Shikamoo, marehemu."

"Marahaba. Lete simu."

Kosa lilikuwa la Hidaya mwenyewe. Ukoo wake na ukoo wa Mwanvita ni watani, na kwa Waluguru wa kule juu milimani, msiba ambao watani hawakuja kuuchafua hauhesabiwi kuwa msiba. Mtani huja akamsema maiti kwa uvivu na ulafi wake, hunyakua sufuria au mwavuli wa wafiwa, na harudishi mpaka akombolewe kwa kuku au kwa maneno matamu. Siku ya maziko Hidaya, macho yamemvimba kwa kulia, alifanya kazi yake. Aliichukua simu ya marehemu kutoka kwenye mkeka, akaitia kifuani, akatangaza kwamba haitoki humo mpaka mwenyewe aje kuidai. Watu wakacheka, kama ilivyotakiwa. Tatizo ni kwamba wafiwa walikuwa na kichanga kinacholia, wakasahau kuja kuikomboa simu. Neno likabaki limesimama. Na Mwanvita, tangu utoto, hakuwa mtu wa kuacha kitu chake kwa watu.

Hidaya akaingia ndani, akaitoa simu kwenye kabati la chanjo, akaiwasha kwa umeme wa sola. Ikawaka. Ikaleta meseji moja kwamba bando la wiki, GB tatu, lina siku sita mbele.

"Hili ulinunua lini?"

"Siku moja kabla. Nilitaka Dadi amwone mtoto kwa video."

Dadi alikuwa mume wake, mkata miwa kule Turiani, ambaye hakupata ruhusa ya kuja uzazini na alipata ya siku mbili ya kuja mazikoni, zote zikaishia njiani na kaburini kabla hajamwona mtoto. Hidaya alizihesabu siku kwa vidole, akarudia. Bando la wiki lilikuwa na wiki sita na ushee tangu linunuliwe, na bado lilikuwa na siku sita. Ilieleweka. Kwa mwenye laini, siku zilikuwa zimesimama, na bando humfuata mwenye laini.

Hidaya akaketi juu ya ndoo, kwa sababu GB tatu ndicho kitu alichokuwa anakitafuta tangu masika yaanze.

Zahanati yao iko juu ya Mlali, mwendo wa saa nne kwa miguu. Mganga mfawidhi alikuwa ameitwa semina mwezi wa kumi, na semina ilikuwa inaendelea. Alibaki Hidaya peke yake, muuguzi wa vijiji vitatu na kompyuta moja. Kompyuta hiyo ndiyo iliyokuwa inaagiza dawa. Karatasi zilikuwa hazipokelewi tena kule ghalani, na fomu za ghala zilikuwa hazifunguki kwenye simu. Sasa kompyuta ilikuwa imekuja na mfumo endeshi wa wizi, ambao siku moja ulijua kuwa umeibwa, ukatandaza kioo cheusi na kudai ulipiwe. Tangu siku hiyo zahanati haikuagiza chochote. Sindano za kuzuia damu kwa wazazi ziliisha wiki mbili baadaye. Mwanvita akajifungua wiki ya tatu.

Anselmi, fundi wa kompyuta mjini Morogoro, alikuwa na dawa yake. "Usijisumbue na hao, dada," alimwambia Hidaya kwa simu. "Upo mfumo wa bure. Halali mpaka mbinguni. Unaupakua, unauweka, basi."

Hidaya asingeweza kufunga zahanati ashuke, kwa hiyo akatuma flashi kwa akina mama wauza mboga. Ilirudi ina filamu kumi na moja za Kihindi, kwa sababu Anselmi alichanganya za wateja. Akaituma tena. Safari hii ilirudi ndani ya tenga la karoti zilizooshwa, nayo ikiwa imeoshwa. Ndipo akaamua kuupakua mwenyewe, na ndipo alipojua maana ya bure.

Kwenye dirisha la zahanati mtandao ulikuwepo wa kupitisha meseji na fomu, basi. Mtandao wa kubeba mzigo mkubwa ulikuwa sehemu moja tu, juu ya jiwe lililo nyuma ya choo, na hapo simu ilitaka kuinuliwa kwa mkono, kioo kielekezwe kwenye mnara wa Mzinga, na mwenye mkono asitikisike. Ukishusha mkono ujikune, mzigo unakatika. Ukikatika unaanza sifuri, na bando lililokwisha kuliwa halirudi. Hidaya alikuwa ameshafika asilimia tisa, kumi na nne, na siku moja ya baraka, ishirini na mbili. Mkono wa mtu aliye hai una mwisho wake.

Akamweleza Mwanvita yote hayo. Akamweleza pia kwamba Asia, mke wa fundi cherehani, mimba yake imeshuka, wakati wowote atajifungua, na kwamba ghala linafunga kupokea maagizo Ijumaa.

Mwanvita akaitazama simu. "Nikikupa hili, Dadi hamwoni mtoto."

"Hamwoni."

"Wewe mtani una tamaa. Umeninyang'anya simu mazikoni, sasa unataka na kilichomo."

"Ukoo wenu wote mna choyo. Hata kufa hamtaki kufa moja kwa moja."

Mwanvita akakunja sanda mpaka magotini, akapanda jiwe.

Alisimama hapo Jumanne nzima, mkono juu, uso Mzinga. Alikuwa hapumui, na hiyo ilisaidia sana. Ukungu ulipanda kutoka bondeni ukampita katikati ukaendelea na safari. Saa saba mvua ikanyesha, na Hidaya akapeleka mfuko wa plastiki wa kufunika simu. Wagonjwa waliokuja walimwamkia kutoka chini, wakaketi kwenye benchi kungoja zamu. Mzee Pazi, mwenye pumu, alisogea karibu na jiwe akauliza kama kaka yake kule aliko bado anadai lile shamba la bondeni. Mwanvita akasema anadai. Mzee Pazi akarudi kwenye benchi amekasirika.

Jumatano saa nne asubuhi mzigo ulikuwa umefika asilimia sitini na moja, na simu ikaita.

Alikuwa Dadi. Alikuwa ameona laini ya mkewe iko hewani. Kwenye simu ile maongezi yakiingia, mtandao husinzia, na Hidaya, aliyekuwa dirishani akipima presha, aliacha pampu akatoka nje. Mwanvita alikuwa ameshapokea, bila kushusha mkono. Aliongea akiwa ameinua uso, kama mtu anayezungumza na ndege.

"Dadi, usinipigie. Nina kazi."

Sauti ya Dadi ilitoka kubwa, kwa kuwa ilikuwa kwenye spika, na nyuma yake yalisikika mapanga yakikata miwa. "Nimeona uko hewani. Nilitaka kumwona mtoto."

"Bando ni la dawa. Nikikuonyesha mtoto, Asia atakosa sindano."

Mapanga yakaendelea kukata.

"Basi niambie tu," akasema Dadi. "Kafanana na nani?"

"Na mama yangu."

"Masikini. Na tena ni wa kike."

"Wa kike."

"Pole yake, basi." Mapanga yakasogea mbali. "Ulisikia nilivyokuja?"

"Nilisikia. Ulivaa viatu vya kazini."

"Sikupata muda wa kubadilisha."

"Najua. Kata simu, Dadi."

Akakata. Hidaya alisimama chini ya jiwe akitazama kioo alichokuwa hakioni, mpaka Mwanvita aliposema, "Sitini na moja. Unaendelea. Rudi kwa mgonjwa wako, usije ukamfunga mkono mpaka ukaoza." Dadi hakupiga tena. Alasiri hiyo mama yake Mwanvita alipita njiani na mtoto mgongoni, akitoka kuchota maji. Akasimama, akageuka mgongo, akakaa hivyo kwa muda wa kutosha, kisha akaenda zake. Mwanvita alitazama bila kugeuza shingo, kwa macho tu.

Alhamisi adhuhuri mzigo ukatimia. Bando likabaki na kipande ambacho kingetosha picha moja, isiyo safi sana. Hidaya akauhamishia mfumo kwenye flashi kama Anselmi alivyomwelekeza, akaichomeka kwenye kompyuta, akasoma Bismillahi. Kioo cheusi kikaondoka. Ikaja rangi ya zambarau, kisha maneno ya kumkaribisha kwa Kiswahili, kwa heshima, bila kumdai kitu. Hidaya alikuwa na miaka kumi na minne kazini na hakukumbuka mara ya mwisho kukaribishwa na kitu chochote cha ofisi. Aliguna tu, akavuta kiti.

Akaweka simu yake dirishani iipe kompyuta mtandao, akaifungua fomu ya maagizo. Mwanvita akaja akasimama nyuma yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umebaki juu. Alisema utashuka wenyewe.

Fomu haikukubali kuendelea mpaka kwanza vifo vya robo ya mwaka iliyopita viandikwe. Hidaya akaandika jina. Akaandika umri, ishirini na minne. Kwenye sababu ya kifo hapakuwa na nafasi ya kuandika. Palikuwa na orodha ya kuchagua. Mgonjwa alichelewa kufika kituoni. Mgonjwa alikataa matibabu. Mgonjwa alitumia dawa za kienyeji. Mgonjwa alikuwa na maradhi mengine. Hidaya akaishusha orodha mpaka mwisho, akaipandisha, akaishusha tena.

"Haipo," akasema.

"Ipi?"

"Ya dawa kukosekana."

Mwanvita akainama kusoma. Alinukia udongo na karafuu maiti. "Mimi nilifika saa kumi na moja alfajiri. Wewe ulikuwa unapiga mswaki."

"Nakumbuka."

"Uliniambia nisubiri uteme."

"Nakumbuka, Mwanvita."

Nje, mtu alikohoa kwenye benchi.

"Weka nilichelewa," akasema Mwanvita. "Tutakesha hapa kwa ajili ya nini? Ijumaa ni kesho."

Hidaya akaweka alichelewa. Fomu ikafunguka, njema kabisa. Akaagiza glovu, akaagiza dripu, akaagiza sindano za kuzuia damu, hamsini, akafuta, akaandika thelathini ili asionekane mlafi. Akabonyeza kutuma. Kompyuta, ambayo sasa ilikuwa nyepesi kama mpya, ilichukua muda mfupi tu kuleta jibu.

Jibu lilisema agizo limepokelewa kwa shukrani. Lilisema mgao hupangwa kwa kufuata matumizi ya robo iliyopita na vifo vilivyotokana na upungufu. Kwa kuwa hakikuagiza kitu robo iliyopita, matumizi ya kituo hicho yalikuwa sifuri. Vifo vilivyotokana na upungufu, sifuri. Sindano za kuzuia damu, mgao: sifuri. Glovu, sifuri. Chini kabisa kituo kilipongezwa kwa kutopoteza dawa yoyote.

Hidaya akasoma mpaka kwenye pongezi. Kisha akainuka, akaenda nyuma, akaanza kuvua glovu kwenye kamba moja moja, akizipuliza ndani kuangalia kama zimetoboka. Tatu zilikuwa zimetoboka. Akavirudisha vibanio mfukoni.

Aliporudi ndani, Asia alikuwa ameshafika. Alikuwa ameketi kwenye benchi ameshika kiuno, na mama yake alikuwa amebeba beseni lenye nguo za mtoto. Uchungu ulikuwa umeanza tangu saa tano; walikuwa hawajachelewa. Mwanvita alikuwa amesogea kwenye benchi kumpisha, akaketi pembeni yake, mkono wake bado uko juu.

"Shikamoo, dada Mwanvita," akasema Asia. Walikuwa rika moja.

"Marahaba, mdogo wangu."

Asia akangoja uchungu mmoja upite. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, ili mama yake asisikie, "Kunauma sana?"

"Kuzaa, au huko kwingine?"

"Huko kwingine."

Mwanvita akafikiri vizuri, kwa kuwa hakupenda kumdanganya mtu aliye katika hali ile. "Hakuumi," akasema. "Ni baridi tu."

Asia akaitikia kwa kichwa. Akamgeukia mama yake, akamwomba arudi nyumbani mara moja akamchukulie kanga nyingine, ile nzito.