Kovu la Mloliondo

Mwalimu Lameck alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ulikuwa babu yake. Umkute sokoni, umkute msibani, kabla hamjamaliza salamu ameshakufikisha kwa Mzee Akonaay, aliyelinda msitu wa korongoni wakati wengine wanakata. Na korongo lenyewe lilimpa sababu ya kutamba. Tambarare za Gendabi zikikauka mpaka ardhi inapasuka, ndani ya zile kuta mbili za mawe ya mchanga, ambako upepo haufiki na jua linachungulia adhuhuri tu, miti ya miloliondo na miringaringa imesimama kijani, na chini yake kijito hakikatiki. Watu na ng'ombe wa vitongoji vitatu wanakitegemea.

Kwa hiyo Hilda, mtendaji wa kijiji, alipomwambia kwamba kikao kimekubali kuweka kibao cha "Msitu wa Mzee Akonaay", Mwalimu hata chakula hakikupita kwa furaha. Lilibaki jambo moja. Kikao kilitaka shahidi kutoka upande wa wafugaji, mtu aliyeyaona mambo kwa macho yake, na aliyebaki hai alikuwa mmoja: Bibi Udabesh, mama wa Kibarabaig.

Mwalimu alimwendea asubuhi, akamkuta zizini akiangalia ndama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe wa Akonaay. Pua ni ile ile."

Mwalimu akaeleza habari ya kibao, akatoa karatasi ya kuwekewa dole gumba. Bibi hakuigusa. Alichukua fimbo yake. "Twende korongoni kwanza."

Walipanda polepole, bibi akitangulia. Ndani ya korongo alisimama kwenye mloliondo mkubwa kuliko yote. Mwalimu aliufahamu mti ule tangu utotoni. Ulikuwa na kovu pana kiunoni, gome limelikunjia kingo kama mdomo uliofumbwa, na nyumbani kwao waliambiwa ni radi.

"Weka mkono," bibi akasema. "Radi inakata hivyo? Hilo ni shoka la babu yako."

Mwalimu akacheka. Bibi hakucheka, akaanza kumweleza.

Mwaka ule yeye alikuwa bibi harusi, hajatimiza mwaka kwa mume. Akonaay alikuwa mpasua mbao, ameshaangusha miti saba humu, na maji yakaanza kupungua. Wanawake wa Kibarabaig hawakwenda kumlilia mtu. Waliitana boma kwa boma, wakaja na fimbo zao, wakamkuta katikati ya kuukata mti huu, wakakaa chini yake. Wakafanya baraza la wanawake, ambalo kwao mwanamume hana pa kukatia rufaa. Siku mbili hawakuinuka. Mwisho wakamtoza faini ya dume jeusi la ng'ombe, wakamwambia kuanzia leo mlinzi wa korongo ni wewe.

"Akatoa dume?" Mwalimu aliuliza.

"Alilia kwa hasira, akatoa. Halafu akalinda kweli, kuliko sisi. Na kila mwaka asali ya kwanza ya mizinga yake anatuletea sisi wanawake. Anasema, 'Mlinizuia nisiue watoto wangu kwa kiu.' Mpaka alipokufa."

Hapo Mwalimu aliinamisha kichwa. Asali ile aliikumbuka sana. Babu alipofariki mizinga ikawa yake, na jambo la kwanza alilofanya ni kuikatisha ile safari ya asali kwenda kwa Wabarabaig. Aliona mzee alikuwa anagawa mali ovyo. Shukrani ya punda ni mateke, na punda mwenyewe miaka ishirini alikuwa akitembea kifua mbele akisifu ukoo.

"Mbona hamkuja kuniuliza, bibi?"

"Asali ya shukrani haidaiwi. Ikidaiwa ni faini, na faini tulishapata." Bibi akanyoosha mkono. "Lete karatasi. Alilinda, si uongo."

Angeweza kuipata alama ile ya kidole akaenda zake. Hakuna mwingine aliyejua, na jina la babu lingesimama kibaoni peke yake, safi. Mwalimu aliitazama karatasi, akaligusa tena lile kovu, akaikunja karatasi na kuirudisha mfukoni. Jioni alikwenda kwa Hilda na maneno mengine ya kibao.

Siku ya kibao watu walijaa mdomoni mwa korongo. Hilda akavuta kitambaa, na maandishi yakasomeka: MSITU WA WANAWAKE. MLINZI WA KWANZA: AKONAAY, KWA AMRI YAO. Wanaukoo wakanuna. Shangazi Getruda akauliza kwa sauti kama Mwalimu amelogwa. Mwalimu akasimama akasimulia yote: miti saba, shoka, dume jeusi, na asali aliyoikatisha yeye mwenyewe. Akasema anashukuru kwamba babu yake alishindwa, kwa sababu angeshinda, hapa pangekuwa na mawe matupu.

Kisha akafungua dumu la asali ya kwanza ya mwaka, akapiga goti, akaliweka mbele ya Bibi Udabesh.

Bibi alichovya kidole, akaonja, akafumba macho.

"Ni ile ile," akasema.

Mwalimu, aliyefundisha miaka thelathini na tano bila kuishiwa maneno, alipata moja tu. Alisema ahsante.